Maswali tisa na dada aliyejibu sifuri

Najua nimepotea. Mama kanipigia juzi kuniuliza kama nimehama tena bila kuaga, maana tangu nitoke Jeddah kuja huku Riyadh sijaandika kitu. Nipo jamani. Zamu za usiku tu zimenibana, nikirudi asubuhi nafunga pazia nalala kama gogo, nikiamka jua limeshazama. Na wale mnaouliza Riyadh ikoje: kukavu! Joto la Jeddah ni la kwetu kabisa, lina chumvi na jasho, nguo inagandia mwilini kama uko Ngamiani mwezi wa pili. Huku midomo inapasuka, na wiki ya kwanza nilitokwa damu puani nikadhani nimeugua. Ya samaki siyasemi, mtadhani nalia.

Leo kilichoniamsha ni mtoto wa kaka yangu aliye chuo Dodoma. Kaniletea ujumbe: "Shikamoo shangazi, tumepewa kazi ya kueleza utafiti wa kupima kama dodoso la sonona linaaminika kwa watu wazima wa China. Nieleweshe kwa Kiswahili, Kiingereza chao kimenishinda." Nikamrekodia sauti dakika kumi. Nilipomaliza nikaona hadithi hii inatugusa sisi kama inavyowagusa Wachina, na ndani yake mna kisa changu mwenyewe ambacho sijamwambia mtu. Basi chukueni chai, ni ndefu.

Kwanza sonona. Siyo ile huzuni ya msiba inayopungua siku zikienda. Ni ugonjwa, mtu anakosa hamu, usingizi unaharibika, chakula hakipiti, anajiona hafai, na wengine wanafika mahali pa kutamani kufa. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Huwezi kumtoboa mtu kidole ukaisoma huzuni kama tunavyosoma malaria. Njia iliyopo ni kuuliza. Kwa hiyo madaktari wakaanza kutunga maswali. Max Hamilton, Mwingereza, alitoa lake mwaka 1960, linajazwa na daktari. Aaron Beck wa Marekani akafuata 1961, mgonjwa anajaza mwenyewe. William Zung 1965. Yakaja mengine mengi hadi mwaka 2001 Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams walipochapisha majaribio ya hili fupi linaloitwa PHQ-9, ambalo leo liko kila mahali kwa sababu ni bure na linajazwa kwa dakika chache. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali unapata sifuri hadi tatu: sifuri kama jambo halijakupata kabisa, tatu kama limekupata karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Ukifika 10, mtu anatakiwa akutazame vizuri zaidi. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kuwa heri ufe au ujidhuru, na hilo ukijibu ndiyo hatungoji jumla, unazungumza na mtu siku hiyohiyo.

Sasa kisa. Ilikuwa Jeddah, hospitali sitaitaja, na mambo mengine nimeyabadilisha ili mwenyewe asijulikane. Aliletwa dada mmoja wa pwani yetu anayefanya kazi za ndani, kaletwa na mama mwenye nyumba. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, mwili unawaka moto. Kipimo cha moyo safi, damu safi, tezi safi. Daktari akasema ajaziwe ile karatasi ya maswali tisa. Karatasi ipo kwa Kiarabu na Kiingereza. Dada anajua Kiarabu cha jikoni tu: leta, osha, haraka. Wakaniita mimi.

Nami kwa kiherehere changu nikatafsiri papo hapo, neno kwa neno, nimesimama, kalamu mkononi, mama mwenye nyumba amekaa kiti cha pembeni. Swali la kwanza linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Akanishangaa. "Raha? Dada, mimi nimekuja kazi, sikuja raha." Nikaandika sifuri. La pili nikamuuliza kama anajisikia chini. Chini! Akatazama sakafu, akanitazama mimi, akasema hapana. Sifuri. La usingizi, kama anakosa usingizi au analala kupita kiasi. Akasema analala saa saba usiku anaamka saa kumi na moja. Sasa huko ni kukosa usingizi au ni kuamshwa? Sikujua niandike nini, nikaweka sifuri. La uchovu akasema amezoea. La tisa akamtazama mama mwenye nyumba, akasema astaghfirullah, hapana. Karatasi nzima sifuri. Akapewa dawa za maumivu, akaenda zake.

Nawaambia ukweli, ile karatasi ilinipendeza macho. Sifuri tisa zimejipanga. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikajiuliza: mtu anayelala saa nne kwa siku anapataje sifuri kwenye uchovu?

Hapo ndipo linapokuja lile neno la mpwa wenu wa Dodoma, kuaminika. Chukulia mizani ya sokoni. Ukiweka sukari ileile mara tatu ikasoma kilo moja mara zote, mizani hiyo ina uthabiti. Ikisoma kilo moja, mara kilo na nusu, mara robo tatu, itupe. Dodoso nalo linapimwa hivyo. Unampa mtu leo, unampa tena baada ya wiki moja au mbili, hali zilezile, unalinganisha. Ipo na njia ya pili, kutazama kama maswali yote tisa yanavuta upande mmoja, kama wapiga kasia kwenye ngalawa. Hesabu yake inaitwa alfa, ikabeba jina la Lee Cronbach aliyeandika makala yake maarufu mwaka 1951. Inasoma mpaka 1, na ikipita 0.7 watafiti wengi wanapumua. Lakini angalieni, mizani inaweza kusoma kilo moja kila mara na muuza duka ameikata chini. Ina uthabiti na inaiba. Kwa hiyo liko jaribio jingine, la kuona kama kinachopimwa ndicho kilichokusudiwa: unachukua watu walewale waliojaza karatasi, mtaalamu anakaa nao bila kujua walichojaza, anaamua nani mgonjwa, kisha mnafananisha.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo kila nchi? Kwa sababu kwetu tulishapimwa bila kujaribiwa mizani, na majibu yalitoka mabaya.

Mwaka 1938 daktari wa serikali ya kikoloni Kenya, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Alikaa hapo hadi 1950. Aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na humo akamlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Someni tena mstari huo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamtumia kueleza saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba watu kudai ardhi yao ni dalili ya ugonjwa.

Ukiuliza aliwahesabu akina nani, ni wale waliofikishwa Mathari. Na nani anafikishwa hospitali ya vichaa enzi za mkoloni? Anayevunja vitu, anayekimbia uchi barabarani, anayetisha watu. Yule bibi aliyejifunika kanga chumbani siku arobaini hataki kula, nani atamfunga kamba ampeleke Nairobi? Ndugu watamletea mganga, watamsomea, watamkandia uji. Daktari hakumwona, akaandika hayupo. Mimi pale Jeddah nilifanya nini tofauti? Sikumwona mtu, nikaandika sifuri.

Kauli hiyo iliishi miaka mingi na madaktari wengi waliisoma kama kweli. Mmoja wa walioitikisa ni John Orley, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Yeye hakungoja watu waletwe hospitali. Alikwenda vijijini Buganda na mahojiano marefu yaliyotafsiriwa kwa Kiganda, akawauliza watu majumbani kwao. Yeye na John Wing walichapisha matokeo mwaka 1979, wakiwalinganisha wanavijiji wale na wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell! Tangu Carothers hadi hapo watu hawakubadilika ubongo. Kilichobadilika ni mahali swali lilipoulizwa na lugha yake.

Na Wachina? Haya, mpwa wangu, yako haya hapa. Mwaka 1980 daktari Mmarekani Arthur Kleinman alikwenda Changsha, mkoa wa Hunan, akawachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameandikiwa ugonjwa wa udhaifu wa neva, wenyewe wanauita shenjing shuairuo. Walilalamika kichwa, usingizi, kizunguzungu, kuishiwa nguvu. Huzuni hawakuitanguliza. Alipokaa nao na kuuliza kwa utaratibu, 87 kati yao walikuwa na dalili za kutosha kuitwa sonona. Kumbukeni walikuwa wametoka tu kwenye Mapinduzi ya Utamaduni, ambapo kusema huna furaha kungeweza kusomeka kama huipendi serikali. Kichwa kinachouma hakina siasa. Nilipolisoma hili nikaliona jicho la yule dada likimgeukia mama mwenye nyumba. Moyo unaokwenda mbio haumkasirishi mwajiri. Kusema huna furaha nyumbani kwake, hilo ni jambo lingine.

Ndiyo maana Wachina hawakulichukua dodoso la Marekani wakaanza kugawa. Walilipima kwao wenyewe tena na tena. Utafiti mmoja uliochapishwa 2014 ulitumia wakazi 1,045 wa Shanghai, alfa ikatoka 0.86, na walipowauliza tena baada ya wiki mbili ulinganifu ukawa 0.86 pia. Hiyo ni mizani iliyotulia.

Sasa turudi nyumbani, maana kwetu kazi imefanyika na wengi hamjui. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha majaribio ya dodoso jingine, la Hopkins lenye vipengele 25, kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam. Kwingi duniani mstari wa kusema mtu yuko hatarini ni 1.75. Walipolinganisha na mahojiano ya kitaalamu waliona kwa Dar mstari unaofaa uko chini ya hapo. Maana yake ni hii: ungetumia mstari wa kuazima, wapo mama wajawazito wagonjwa ambao wangetoka mlangoni wameambiwa wazima. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 kikosi kilekile kilitoa dodoso la vipengele 19 lililotengenezwa Tanzania kwenyewe. Mimi nilisoma shahada yangu ya uuguzi nikafaulu na somo la afya ya akili bila kusikia habari hizo, nimekuja kuzisoma Uarabuni! Kenya nao, 2006 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya yale maswali tisa iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa magharibi ya Kenya, watu wazima 347 wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Alfa 0.78, nzuri. Lakini walipoulizwa tena, ulinganifu ulikuwa 0.59. Siyo mbaya sana, ila mizani inacheza kidogo. Sehemu yake inaweza kuwa mtu mwenyewe, wiki moja dawa zimekubali, wiki nyingine hana nauli ya kliniki. Moyo siyo sukari.

Na hapa nilipo? Riyadh ilikuwa mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 2002 dodoso la Kiarabu lilichapishwa likiwa limejaribiwa kwa wagonjwa 173 wa huduma za msingi, likalinganishwa na mahojiano ya kitaalamu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la wanafunzi 731 wa Chuo Kikuu cha King Saud, alfa ya maswali tisa ikawa 0.857. Kiarabu nacho kina mitego yake. Kitabuni sonona ni iktiaab, lakini bibi wa Kisaudi akija wodini hasemi hivyo, anashika kifua anasema kimebana, dhiiq. Mnalisikia neno? Ndiyo dhiki yetu hiyohiyo, ilivuka bahari na majahazi. Mara ya kwanza kulisikia wodini nilielewa kabla mkalimani hajafungua mdomo.

Lakini wale 731 ni wanafunzi wa chuo wanaosoma lugha yao wenyewe. Mfanyakazi wa ndani anayeongea Kiswahili, anayetafsiriwa na nesi mwenye haraka mbele ya mwajiri wake, hayumo kwenye hesabu hiyo. Karatasi ni ileile, lakini uthabiti wake hausafiri nayo.

Basi, baada ya wiki kama tatu dada yule akarudi. Moyo tena. Safari hii kaletwa na dereva, na dereva kabaki nje. Mimi katikati hapo nilikuwa nimekaa na rafiki yangu nesi Mkenya, mtu wa Kilifi, tukaandika maswali upya. Tulifanya wanavyofanya watafiti: mimi naandika Kiswahili, yeye bila kuona asili anarudisha Kiingereza, tukilinganisha. Lile langu la kujisikia chini aliporudisha tulicheka hadi machozi, maana kwake ilitoka kama mtu aliyekaa chini ya meza. Halafu nikaacha kucheka. Tulibishana pia kuhusu neno la ugonjwa wenyewe, mimi sonona, yeye unyogovu, tukakubaliana kwamba dada wa watu halihitaji hata moja kati ya hayo.

Nilimwingiza chumba cha sindano, nikafunga mlango, nikakaa, sikusimama. Sikumwuliza raha. Nilimwuliza kama vitu vilivyokuwa vinampendeza zamani, kuongea na watoto wake kwa simu, kusikiliza kaswida, bado vinampendeza. Akasema simu ya watoto siku hizi haipokei. Nikamwuliza kama moyo unakuwa mzito. Akasema kama jiwe, kila siku. Usingizi nilimwuliza hivi: ukipata nafasi ya kulala, unalala? Hapana, mawazo hayampi nafasi, anasikia adhana ya alfajiri macho kodo. Swali la tisa alinyamaza muda mrefu nikasikia kiyoyozi. Akasema ndiyo, siku kadhaa.

Jumla 18.

Mtafiti akiona sifuri na 18 kwa mtu mmoja ndani ya wiki tatu atasema dodoso limeshindwa. Inawezekana alizidiwa kidogo katikati, sikatai. Lakini mimi nilikuwepo mara zote mbili, na najua nani alibadilika zaidi. Siku ileile nilimpeleka kwa daktari mwenyewe sikumtuma mtu, hatukumwacha peke yake, akaonwa na daktari wa akili, akaanzishiwa dawa na ratiba ya kurudi. Mambo ya mwajiri na karatasi za kusafiria yalichukua miezi na sitayaeleza hapa. Sasa yuko kwao, na simu za watoto haziwi za simu tena.

Ile karatasi ya kwanza ya sifuri tisa imebaki kwenye faili lake, na saini yangu iko chini.

Kwa hiyo mpwa wangu, hayo ndiyo maelezo, usinakili neno kwa neno mwalimu wako atanijua (he he he). Ukiandika, eleza alfa kwa mfano wako mwenyewe, na useme wazi waliojaza walikuwa akina nani na wamejaza wapi. Bado mimi na yule wa Kilifi hatujaafikiana kuhusu swali la chakula, yeye anasema kukosa hamu ya kula kwa mtu anayekula makombo lazima kuulizwe vingine. Akija Riyadh tutamalizia, kaahidi kuja na pweza mkavu.

Bibi mwambieni sauti yake nimeipata, na hapana, sijakonda. Msalimieni kila mtu.